Mapokeo ya sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Watchmen

"It's Summer and We're Running Out of Ice" ni sehemu ya kwanza ya tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo Watchmen. Ilirushwa hewani kwa mara ya kwanza na kituo cha HBO tarehe 20 Oktoba 2019. Iliandikwa na Damon Lindelof na kuongozwa na Nicole Kassell. Mhusika mkuu, Angela Abar, aliigizwa na Regina King.

Tamthilia hii ni ya aina ya mashujaa wa vibonzo, yaani watu wanaovaa mavazi ya pekee na kuficha nyuso zao ili kupambana na uhalifu. Hata hivyo sehemu yake ya kwanza haikuzungumziwa sana kwa sababu ya mashujaa hao. Ilizungumziwa kwa sababu ya dakika zake za mwanzo, zinazoonyesha kundi la watu weupe wenye silaha likiwaua wakazi weusi wa mtaa wa Greenwood mjini Tulsa, Oklahoma, mwaka 1921, na kuziteketeza nyumba zao. Watazamaji wengi, wakiwemo Wamarekani wenyewe, walidhani tukio hilo limebuniwa. Walipofahamu kwamba lilitokea kweli, ulizuka mjadala mkubwa kuhusu historia inayofundishwa shuleni, kazi ya polisi, na kama ni halali kutumia mateso ya watu halisi katika burudani.

## Usuli

Watchmen ilianza kama mfululizo wa vibonzo vya matoleo 12, vilivyochapishwa na kampuni ya DC Comics katika miaka ya 1986 na 1987. Hadithi iliandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons, wote wawili wa Uingereza. Katika hadithi hiyo mashujaa si watu wema wasio na doa. Wengine ni wakatili, wengine ni wenye kiburi, na mmoja wao, Adrian Veidt, anaua mamilioni ya watu mjini New York kwa hila ili kuyalazimisha mataifa makubwa yaache kugombana. Hofu kubwa katika vibonzo hivyo ilikuwa vita vya nyuklia kati ya Marekani na Umoja wa Kisovyeti. Mwaka 2009 hadithi hiyo ilitolewa kama filamu iliyoongozwa na Zack Snyder.

Damon Lindelof, aliyejulikana kwa tamthilia za Lost na The Leftovers, alitangaza Mei 2018 kupitia barua ya wazi kwamba hataigiza upya vibonzo vile. Alivifananisha na Agano la Kale: havifutwi wala havibadilishwi, bali kinachokuja baadaye kinajengwa juu yake. Kwa hiyo tamthilia yake inatokea miaka 34 baada ya matukio ya vibonzo, yaani mwaka 2019, katika Marekani ya kubuni ambayo historia yake imefuata njia nyingine. Katika nchi hiyo Vietnam ni jimbo la Marekani, mwigizaji Robert Redford ni rais wa muda mrefu, na hakuna intaneti wala simu za mkononi.

Lindelof alieleza kwamba kila zama zina hofu yake. Ikiwa hofu ya miaka ya 1980 ilikuwa bomu la nyuklia, basi kwa Marekani ya leo aliona ni ubaguzi wa rangi ambao haujawahi kukabiliwa kikamilifu. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe hakuwa amesikia habari za Tulsa hadi aliposoma makala ya mwandishi Ta-Nehisi Coates kuhusu fidia kwa Wamarekani weusi, iliyotoka katika jarida la The Atlantic mwaka 2014. Kwa kuwa Lindelof ni mweupe, aliunda jopo la waandishi lililojumuisha watu weusi kadhaa, na mijadala ya jopo hilo ilibadilisha mambo mengi katika hadithi.

## Muhtasari wa hadithi

Sehemu hii inaanza ndani ya ukumbi wa sinema mjini Tulsa mwaka 1921. Mtoto wa kiume mweusi anatazama filamu isiyo na sauti huku mama yake akipiga piano. Filamu hiyo inamhusu Bass Reeves, afisa mweusi wa sheria, anayemkamata mkuu wa polisi mweupe aliye mwizi. Watu wanapotaka kumnyonga mwizi huyo, Reeves anawakataza na kuwaambia waiamini sheria.

Wakati huohuo ving'ora vinalia nje. Baba wa mtoto, aliyevaa sare ya jeshi ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, anaingia kuwachukua mkewe na mwanawe. Barabarani watu weupe wanapiga risasi, wanaiba madukani na kuchoma majengo, na ndege zinapita juu ya mtaa zikishambulia. Wazazi wanamficha mtoto ndani ya gari linalotoroka, wakimwekea mfukoni karatasi yenye ombi kwamba atunzwe. Mtoto anaamka usiku akiwa porini. Watu wazima waliokuwa naye wamekufa, na karibu yake analia mtoto mchanga aliyefungwa katika bendera ya Marekani.

Kisha hadithi inahamia Tulsa ya mwaka 2019. Polisi wa mji huo wanafunika nyuso zao kwa vitambaa vya njano, kwa sababu miaka mitatu kabla yake kundi la wabaguzi liitwalo Seventh Kavalry liliwavamia polisi majumbani mwao usiku wa mkesha wa Krismasi. Wanachama wa kundi hilo huvaa barakoa zinazofanana na ile ya Rorschach, mmojawapo wa wahusika wa vibonzo vya awali. Polisi mweusi anamsimamisha dereva mweupe barabarani. Ili atumie bastola yake, inambidi aombe ruhusa kwa redio ili kisanduku cha silaha kifunguliwe. Kabla hajaipata, anapigwa risasi.

Angela Abar, anayejulikana kazini kama Sister Night, anashiriki msako wa wahalifu. Anamkamata mshukiwa na kumpiga hadi damu inapita chini ya mlango. Mwishoni mwa sehemu hii mkuu wa polisi Judd Crawford, aliyeigizwa na Don Johnson, anakutwa amenyongwa juu ya mti. Chini ya mti ameketi mzee mweusi katika kiti cha magurudumu, aliyeigizwa na Louis Gossett Jr., akiwa na karatasi ileile ya mwaka 1921.

Jina la sehemu hii linatokana na wimbo wa mchezo wa kuigiza wa muziki uitwao Oklahoma!, ambao wahusika wanautazama jukwaani ukichezwa na waigizaji weusi.

## Tukio halisi la mwaka 1921

Greenwood ulikuwa mtaa wa watu weusi mjini Tulsa, wenye wakazi wapatao 10,000. Kwa kuwa sheria za ubaguzi ziliwazuia kuishi na kufanya biashara katika mitaa ya watu weupe, fedha zao zilizunguka ndani ya mtaa wao. Palikuwa na maduka, hoteli, magazeti, ofisi za madaktari na mawakili, makanisa na ukumbi wa sinema ulioitwa Dreamland. Kwa sababu ya ustawi huo mtaa ulipewa jina la Black Wall Street.

Tarehe 30 Mei 1921 kijana mweusi aitwaye Dick Rowland aliingia katika lifti iliyoendeshwa na msichana mweupe, Sarah Page. Msichana alipiga kelele, na kesho yake Rowland alikamatwa. Gazeti la Tulsa Tribune liliandika kwamba alijaribu kumshambulia. Jioni ya tarehe 31 Mei umati wa watu weupe ulikusanyika mbele ya mahakama alimofungwa. Wanaume weusi wenye silaha, baadhi yao askari waliorudi kutoka vitani Ulaya, walifika kusaidia kumlinda asinyongwe. Risasi ilifyatuliwa na mapigano yakaanza.

Alfajiri ya tarehe 1 Juni maelfu ya watu weupe waliingia Greenwood. Baadhi yao walikuwa wamepewa silaha na mamlaka ya mji na kuapishwa kuwa polisi wa muda. Nyumba ziliporwa na kuchomwa moto moja baada ya nyingine. Mwanasheria B. C. Franklin, aliyeshuhudia, aliacha maandishi yanayoeleza ndege zilizozunguka juu ya mtaa na majengo yaliyoanza kuwaka kutoka juu. Maandishi hayo sasa yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani weusi mjini Washington.

Eneo la matofali 35 ya mji liliteketea, na nyumba zaidi ya 1,200 zikachomwa. Watu wapatao 10,000 walibaki bila makazi, na maelfu ya watu weusi walishikiliwa katika kambi chini ya ulinzi. Hesabu ya serikali ya wakati ule ilitaja vifo 36, lakini wanahistoria wengi wanakadiria kwamba waliouawa walikuwa kati ya 100 na 300. Mashtaka dhidi ya Rowland yalifutwa. Hakuna mtu mweupe aliyefungwa kwa mauaji wala uchomaji wa nyumba.

## Sababu za tukio kutojulikana

Watazamaji wengi waliuliza jinsi jambo kubwa kama hilo lilivyoweza kusahauliwa. Wanahistoria wanataja sababu kadhaa.

Kwanza, jopo la mahakama lililochunguza tukio mwaka 1921 liliwalaumu watu weusi wenyewe kwa kwenda mahakamani na silaha. Hivyo lawama ilihamishwa kutoka kwa washambuliaji kwenda kwa walioshambuliwa.

Pili, tukio liliitwa "ghasia za kimbari". Neno ghasia hudokeza kwamba pande mbili zilipigana, na kila upande una sehemu yake ya kosa. Jina hilo lilikuwa na matokeo ya kifedha pia, kwa sababu kampuni za bima zilikataa kulipa hasara iliyotokana na ghasia. Tume ya maadhimisho ya miaka mia ilibadilisha jina lake Novemba 2018, ikaacha neno ghasia na kutumia neno linalomaanisha mauaji ya halaiki.

Tatu, kumbukumbu zilipotea au ziliharibiwa. Nakala ya Tulsa Tribune iliyohifadhiwa kwenye filamu ndogo kwa ajili ya watafiti ilikutwa imekatwa vipande katika toleo la tarehe 31 Mei 1921.

Nne, pande zote mbili zilinyamaza. Watu weupe walinyamaza kwa aibu au kwa kulinda jina la mji. Familia nyingi za watu weusi zilinyamaza kwa hofu kwamba yangeweza kutokea tena, na kwa kutotaka kuwatwisha watoto wao mzigo huo.

Bunge la Oklahoma liliunda tume ya uchunguzi mwaka 1997, nayo ikatoa ripoti mwaka 2001. Tume ilipendekeza fidia kwa waathirika, lakini malipo ya moja kwa moja hayakutolewa. Mada hii iliingizwa katika mtaala wa jimbo baada ya ripoti hiyo, ila kufundishwa kwake kulitofautiana sana kati ya shule na shule.

## Mapokeo ya watazamaji

HBO ilitangaza kwamba watu wapatao milioni 1.5 waliitazama sehemu hii katika usiku wa kwanza, kwa televisheni na kwa huduma zake za kidijitali. Usiku huohuo watu wengi walianza kutafuta habari za Tulsa na Greenwood kwenye intaneti, na magazeti makubwa ya Marekani yalichapisha makala za kueleza kwamba kilichoonyeshwa si ubunifu.

Kosa la kudhani kwamba tukio ni la kubuni lilikuwa na sababu inayoeleweka. Watchmen inajulikana kama hadithi ya historia iliyogeuzwa. Mtazamaji aliyekuwa akisubiri rais wa kubuni na ngisi wanaonyesha kutoka angani aliweza kudhani kwamba ndege zinazowashambulia raia katika mji wa Marekani ni sehemu ya ulimwengu huo. Ukweli ukawa kinyume chake: mambo mengi katika dakika za mwanzo yalitoka katika maelezo ya mashuhuda.

Miongoni mwa Wamarekani weusi mapokeo yalikuwa ya namna mbalimbali. Wengine walifurahi kwamba habari waliyoisikia kwa wazee wao sasa imeonyeshwa kwa mamilioni ya watu. Wengine walisikitika kwamba ilihitajika hadithi ya mashujaa wa vibonzo ili nchi ikubali kusikiliza jambo ambalo manusura walikuwa wakilieleza kwa miaka mingi.

Lilikuwepo pia kundi la watazamaji waliokasirika. Baadhi ya wapenzi wa vibonzo vya awali walilalamika kwamba tamthilia imeingiza siasa katika burudani, na kwamba barakoa ya Rorschach, mhusika waliyempenda, imevishwa wabaguzi. Katika tovuti ya Rotten Tomatoes alama za wahakiki kwa msimu mzima zilipita asilimia 90, wakati alama za watazamaji wa kawaida zilibaki chini sana. Waliowajibu walikumbusha kwamba vibonzo vya mwaka 1986 vilikuwa vya kisiasa tangu ukurasa wa kwanza, na kwamba Moore alimchora Rorschach kama mtu mwenye chuki na fikra kali, si kama mfano wa kuigwa.

## Mapokeo ya wahakiki

Wahakiki wengi waliisifu sehemu hii. Walisifu uigizaji wa Regina King, uongozaji wa Nicole Kassell, na muziki wa Trent Reznor na Atticus Ross. Zaidi ya hayo walisifu uamuzi wa kuanza na Tulsa badala ya kuanza na mashujaa. Katika hadithi nyingi za aina hii shujaa huzaliwa kutokana na msiba: sayari inalipuka, au wazazi wanauawa mbele ya mtoto. Mtoto wa Tulsa anapelekwa mbali na wazazi wake wakati mji wake unateketea, kama Superman anavyopelekwa mbali na sayari yake. Tofauti ni kwamba mji huu una anwani na tarehe.

Lawama za wahakiki zilihusu mambo matatu.

La kwanza ni polisi. Tangu mwaka 2014 mauaji ya watu weusi mikononi mwa polisi yalikuwa yamezua maandamano makubwa Marekani. Sehemu hii inaigeuza hali hiyo: polisi ni mweusi, mwenye bunduki ni mweupe, na sheria inayomzuia polisi kutoa silaha haraka ndiyo inayomponza. Baadhi ya wahakiki waliuliza kama hadithi inawafundisha watazamaji kwamba masharti ya kudhibiti silaha za polisi ni hatari. Waliuliza pia kama watazamaji wanaalikwa kumshangilia Angela anapompiga mshukiwa, kwa kuwa tu mshukiwa huyo ni mbaguzi. Waliotetea walisema kwamba hadithi inataka mtazamaji ashangilie kwanza, kisha ajiulize kwa nini ameshangilia.

La pili ni matumizi ya mateso. Waliohoji walisema kwamba kifo cha watu weusi kimeonyeshwa mara nyingi mno kwenye skrini, na kwamba kampuni inapata faida kutokana na msiba ambao wazao wa waathirika hawajalipwa fidia yake. Hoja hii haikukanusha kwamba tukio lilionyeshwa kwa uangalifu. Iliuliza nani ananufaika nalo.

La tatu ni ugumu wa hadithi. Mtazamaji asiyesoma vibonzo alikutana na mafumbo mengi kwa saa moja: ngisi wadogo wanaoanguka kama mvua, mzee tajiri katika kasri la mbali akiigizwa na Jeremy Irons, na habari za mtu wa rangi ya samawati aishiye sayari ya Mirihi. Wahakiki wachache waliona kwamba mafumbo hayo yanapunguza uzito wa tukio la mwanzo.

## Msimamo wa waandishi wa vibonzo

Alan Moore amekataa kwa muda mrefu kuhusishwa na kazi zozote zinazotokana na vibonzo alivyoviandika kwa DC. Jina lake halimo katika orodha ya majina ya tamthilia hii. Mwaka 2022 alieleza katika mahojiano kwamba Lindelof alimwandikia barua, naye akajibu kwamba hataki kuhusishwa kwa vyovyote na kazi hiyo. Dave Gibbons, kwa upande wake, aliunga mkono tamthilia na kushiriki kama mshauri.

## Jinsi sehemu za baadaye zilivyobadilisha maoni

Msimu ulikuwa na sehemu tisa, na baadhi ya lawama zilipungua kadiri hadithi ilivyoendelea. Katika sehemu ya pili Angela anakuta vazi la Ku Klux Klan limefichwa nyumbani kwa mkuu wa polisi aliyenyongwa. Hivyo mtu aliyeonekana mwema katika sehemu ya kwanza anaanza kutiliwa shaka, pamoja na kikosi chote alichokiongoza.

Katika sehemu ya sita, "This Extraordinary Being", inafahamika kwamba mtoto wa Tulsa alikua na kuwa polisi mjini New York, akanyongwa nusura afe na polisi wenzake weupe, kisha akaugeuza mfuko waliomvika kichwani kuwa barakoa. Yeye ndiye Hooded Justice, shujaa wa kwanza wa ulimwengu wa Watchmen. Vibonzo vya awali havikumfichua mhusika huyo kwa uhakika, na wasomaji walikuwa wamezoea kumdhania kuwa mweupe. Kwa ufunuo huo filamu ya Bass Reeves iliyoonyeshwa mwanzoni ilipata maana mpya: mtoto aliyeambiwa aiamini sheria aligundua kwamba sheria haikumwamini yeye.

## Tuzo

Nicole Kassell alipata tuzo ya chama cha waongozaji wa Marekani kwa uongozaji wa sehemu hii, na aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy kwa kazi hiyohiyo. Tamthilia nzima iliteuliwa mara 26 katika tuzo za Emmy za mwaka 2020, idadi kubwa kuliko ya tamthilia nyingine yoyote mwaka ule, na ikashinda 11. Miongoni mwa ushindi huo ni tuzo ya tamthilia bora ya msimu mmoja, ya Regina King kama mwigizaji bora wa kike, na ya Yahya Abdul-Mateen II kama mwigizaji msaidizi bora. Lindelof na mwandishi mwenzake Cord Jefferson walishinda tuzo ya uandishi kwa sehemu ya sita. Katika kupokea tuzo kuu, Lindelof aliitoa kwa heshima ya waathirika na manusura wa Tulsa. Tamthilia ilipata pia tuzo ya Peabody.

## Athari katika jamii

Tamthilia haikuanzisha juhudi za kulikumbuka tukio la Tulsa. Wanahistoria, viongozi wa dini, waandishi wa habari na wazao wa waathirika walikuwa wakizifanya kwa miongo kadhaa. Ilichofanya ni kuwaongezea wasikilizaji.

Februari 2020 Idara ya Elimu ya Oklahoma ilitangaza mwongozo wa kuwasaidia walimu kufundisha tukio hili katika madarasa mbalimbali. Kazi ya kuuandaa ilikuwa sehemu ya maandalizi ya maadhimisho ya miaka mia, kwa hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa tunda la televisheni peke yake.

Baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, watu wengi waliirudia tamthilia hii. HBO iliiruhusu itazamwe bure kuanzia tarehe 19 hadi 21 Juni 2020, wakati wa kuadhimisha Juneteenth, sikukuu ya kukumbuka mwisho wa utumwa Marekani. Mwaka huohuo tamthilia nyingine ya HBO, Lovecraft Country, nayo ilionyesha mauaji ya Tulsa.

Oktoba 2020 watafiti waliokuwa wakichimba katika makaburi ya Oaklawn mjini Tulsa walikuta kaburi la pamoja. Julai 2024 mji ulitangaza jina la mtu wa kwanza kutambuliwa kwa vipimo vya vinasaba katika uchunguzi huo: C. L. Daniel, askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Mei 2021 manusura watatu, Viola Fletcher, Lessie Benningfield Randle na Hughes Van Ellis, wote wakiwa na umri wa miaka 100 au zaidi, walitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Mwezi huohuo gavana wa Oklahoma alitia saini sheria inayozuia shule kufundisha baadhi ya mawazo kuhusu rangi na jinsia, likiwemo wazo kwamba mwanafunzi anapaswa kuona hatia kwa sababu ya rangi yake. Walioitetea walisema haikatazi kufundisha habari za Tulsa, kwa kuwa zimo katika mtaala. Walioipinga walisema mwalimu atakayeogopa kushtakiwa ataipita mada hiyo haraka. Tarehe 1 Juni 2021 Joe Biden alizuru Greenwood, akawa rais wa kwanza aliye madarakani kufika Tulsa kuadhimisha mauaji hayo.

Kesi ya manusura ya kudai fidia, iliyofunguliwa mwaka 2020, ilifutwa na jaji mwaka 2023, na Mahakama Kuu ya Oklahoma ilithibitisha uamuzi huo Juni 2024. Januari 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti iliyosema kwamba shambulio lilipangwa na kuratibiwa kama la kijeshi, lakini kwamba haiwezekani tena kumshtaki mtu yeyote.

## Ukweli na ubunifu

Kwa msomaji anayetaka kuitumia sehemu hii katika kujifunza historia, ni muhimu kutenganisha yaliyotokea na yaliyobuniwa.

Yaliyo kweli ni mtaa wa Greenwood, ukumbi wa Dreamland, uporaji, uchomaji wa nyumba, askari weusi waliorudi kutoka vitani, na ndege. Bass Reeves naye ni mtu halisi. Alizaliwa mtumwa, akawa afisa wa sheria wa serikali kuu katika eneo ambalo baadaye lilikuwa Oklahoma, na alifariki mwaka 1910.

Yaliyobuniwa ni mtoto na wazazi wake, pamoja na filamu ya Bass Reeves wanayoitazama. Fidia ambayo serikali ya Rais Redford inawalipa wazao wa waathirika nayo ni ya kubuni, na katika ulimwengu wa tamthilia fidia hiyo ni mojawapo ya mambo yanayowakasirisha wabaguzi wa Seventh Kavalry.